Mama mkwe ananikanda maji ya moto, na kichwa kinaniuma: niache au niendelee?

Swali: Nina miaka 24, naishi Mbagala. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza kwa njia ya kawaida, leo ni siku ya sita. Nilichanika kidogo nikashonwa. Mama mkwe amekuja kutoka Kilwa kunihudumia. Asubuhi na jioni ananikanda tumbo kwa maji ya moto mno, anasema damu chafu isipotoka itaganda ndani na tumbo litabaki kubwa. Akimaliza ananikalisha kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, halafu ananifunga kanga tumboni kwa nguvu. Mdogo wangu aliyeko chuo anasema niache vyote, ni mambo ya kizamani. Sitaki kumvunjia mama heshima. Je, kukandwa kuna faida au madhara? Pia kitovu cha mtoto bado hakijadondoka na mama anataka kukipaka mafuta ya nazi na majivu. Mimi tangu jana kichwa kinaniuma, nadhani ni usingizi, nimemeza panado.

Jibu la mkunga: Hongera kwa kujifungua, mwanangu, na pole kwa uchungu. Swali la maji nitalijibu kwa kirefu kwa sababu wanaouliza hivyo ni wengi. Lakini kwa ruhusa yako nianze na sentensi yako ya mwisho, ile uliyoidokeza tu kama nyongeza.

Mzazi wa siku ya sita ambaye kichwa kinamuuma tangu jana anapimwa presha leo. Kesho ni siku yako ya saba ya kliniki na najua utataka kuunganisha safari, maana kutoka na kichanga kwenye daladala si kazi ndogo. Usiunganishe. Ukimaliza kusoma hapa, vaa, mwachie mtu mtoto au mbebe, nenda zahanati iliyo karibu. Mengine yote niliyoandika chini yanaweza kusubiri jioni.

Sababu ni hii. Watu wengi wanajua kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya uzazi, kama ugonjwa wa mjamzito, wakidhani mtoto na kondo la nyuma vikishatoka basi hatari imeisha. Ni kweli kwamba kuzaa ndiko kunakoanza kuutibu, lakini mwili haugeuki siku hiyohiyo. Maji mengi yaliyokuwa yamejikusanya mwilini wakati wa ujauzito huanza kurudi kwenye mishipa ya damu, na presha, badala ya kushuka moja kwa moja, mara nyingi hupanda na kufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita. Wewe uko hapohapo. Inaweza kumpata hata mwanamke ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha presha nzuri miezi yote tisa, na inaweza kujitokeza hadi wiki ya sita baada ya kujifungua. Uzazi wa kwanza nao unaongeza uwezekano.

Ukifika, usikubali kupimwa huku unahema. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu yote miwili chini, usiikunje, mkono uegemee meza usawa wa moyo, mpira wa kipimo ufungwe kwenye ngozi na si juu ya mkono wa gauni. Usiongee wakati mashine inafanya kazi. Kisha omba uambiwe namba zenyewe na ziandikwe kwenye kadi, kwa sababu "presha yako iko sawa" haimsaidii mkunga atakayekuona kesho kujua kama inapanda au inashuka. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo na mkojo upimwe kama una protini. Ikiwa ni 160 kwa 110 au zaidi, hiyo ni dharura. Usirudi nyumbani kuchukua nguo. Unapelekwa hospitali moja kwa moja, na hapo Mbagala Rangi Tatu au Temeke ndiko karibu kwako.

Panado si kosa, lakini inanyamazisha kichwa tu na presha inabaki palepale. Kwa hiyo hata kama maumivu yamepungua unaposoma hapa, nenda. Na kama pamoja na kichwa unaona ukungu, vimulimuli au vitu viwiliviwili, au unaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono vimevimba ghafla, au pumzi inabana, ruka zahanati, chukua bajaji nenda hospitali. Usafiri ukiwa shida, piga 115, ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga wenye dharura.

Na mama mkwe naye alijue hili: ukianguka na kutetemeka au kukakamaa, akulaze kwa ubavu, asikutie kijiko wala kitambaa mdomoni, asikumwagie maji, aite usafiri. Nalisema wazi kwa sababu mpaka leo hapa mjini kuna wazazi wanaoanza degedege nyumbani na kupelekwa kwanza kwa mganga kwa kuwa familia inaona ni mashetani. Hospitali kuna sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia degedege hilo, na kuna vidonge vya kushusha presha, kama nifedipini, ambavyo mama anameza huku akinyonyesha bila wasiwasi.

Inawezekana kabisa presha yako iko vizuri. Kichwa cha mzazi kina vyanzo vingi: upungufu wa damu, homa, malaria, kulala vipande vipande. Na kuna chanzo kimoja nakishuku kutokana na ulichoandika: mara mbili kwa siku unamwagiwa na kukalishwa kwenye maji ya moto, nadhani ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ili upepo usikuingie, katika joto hili la Dar, unatoka jasho chapachapa, huku unanyonyesha. Mtu wa namna hiyo akinywa vikombe viwili vya uji na chai tu kwa siku lazima kichwa kimuume. Lakini hayo tunayafikiria baada ya kipimo.

Sasa maji.

Mdogo wako anasema uache vyote. Simuungi mkono. Alichokifanya mama mkwe wako, kufunga safari kutoka Kilwa, kukupokonya ndoo na ufagio, kukupikia, kukulaza, kumchukua mtoto upate lepe la usingizi, hakuna wodi inayoweza kukupa. Siku hizi wanawake wengi nchini wanazalia kwenye vituo vya afya, na hilo limesaidia sana: takwimu za taifa zilionyesha vifo vya wazazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2022, wakati utafiti wa 2015/16 ulikuta 556. Ila mzazi aliyejifungua salama anaruhusiwa baada ya saa 24, na wodi ikijaa wengine wanataka kutoka hata kabla. Arobaini iliyobaki anaisimamia nani? Ni mama mkwe, mama mzazi, shangazi, jirani. Hao ndio wauguzi wako halisi wa wiki sita hizi, na mimi nataka tu wajue cha kutazama.

Tuanze na damu yenyewe. Kondo la nyuma lilikuwa limejishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na lilipobanduka limeacha kidonda kipana kama kiganja. Nifasi ni damu ya kidonda hicho pamoja na utando wa ndani unaojivua. Kinachofunga mishipa pale ni misuli ya mfuko wenyewe, inapojikaza. Na kinachoikaza ni homoni iitwayo oksitosini, ambayo mwili wako unaimwaga kila mtoto anaponyonya. Ndiyo maana ukimweka titi unasikia tumbo linajivuta, wengine wanaita chango, na damu inaongezeka kidogo kwa dakika chache. Joto la maji juu ya ngozi halifiki huko ndani na halikazi wala kulegeza chochote pale. Hakuna damu inayobaki kwa sababu mzazi hakukandwa. Ikibaki, ni kwa sababu kipande cha kondo kimesalia au mfuko haujikazi, na hayo yote ni kazi ya hospitali.

Unaweza kujikagua mwenyewe. Kojoa kwanza, lala chali, weka vidole chini ya kitovu ubonyeze taratibu. Siku uliyojifungua mfuko ulikuwa karibu usawa wa kitovu, mgumu, wa mviringo kama chungwa kubwa. Kila siku unashuka kama upana wa kidole kimoja. Leo siku ya sita uusikie katikati ya kitovu na mfupa wa kinena au chini zaidi, na baada ya wiki mbili hivi hutaupata tena kwa mkono. Hivyo tumbo la ndani linapungua lenyewe. Linalobaki limelegea nje ni misuli na ngozi iliyovutwa kwa miezi tisa, na hiyo inachukua miezi kurudi, ukandwe usikandwe.

Sasa, je, kuna faida yoyote? Ipo, na sioni haya kuisema: maji ya uvuguvugu yanatuliza misuli ya mgongo na kiuno, yanampa mzazi raha, na mikono ya mtu anayekujali ni dawa ya namna yake. Kama mama atakuosha mgongo, mabega na miguu kwa maji ambayo ukichovya upande wa ndani wa kiwiko chako unayavumilia bila kushtuka, mwache, ufurahie. Kipimo kiwe kiwiko chako wewe. Viganja vya mtu aliyeinua masufuria jikoni miaka arobaini havijui tena moto.

Madhara yako wazi kwa maji ya moto mno. Nimepokea wazazi wenye malengelenge kuanzia chini ya kitovu hadi mapajani, mmoja akiwa hawezi kumpakata mwanawe anyonye kwa sababu hakuna mahali pa kumlaza. Mzazi aliyepungukiwa damu akisimamishwa kwenye mvuke anapata kizunguzungu na kuanguka, na sakafu za bafu zetu mnazijua. Kwa aliyefanyiwa upasuaji ninakataza kabisa kukanda tumbo: ngozi inayozunguka mshono huwa na ganzi, inaungua bila mwenyewe kujua, na kidonda kikilowana na kusuguliwa kinafumuka na kuingia usaha.

Lakini kinachonitisha zaidi si kuungua. Ni jinsi damu inavyosomwa wakati wa kukandwa. Tumbo linapominywa kwa nguvu mabonge yanatoka, na wote chumbani wanafurahi kwamba uchafu unatoka. Mzazi anayevuja damu kweli, siku ya nne au ya kumi, anaambiwa anasafishika vizuri. Anaendelea kukandwa mpaka anaishiwa nguvu. Kwa hiyo mweleze mama hesabu hii, tena yeye ndiye anayefua kanga zako na ataiona kabla yako: damu iwe nyekundu siku tatu nne za kwanza, kisha ififie kuelekea rangi ya waridi au kahawia mpaka kama siku ya kumi, halafu iwe majimaji ya njano nyeupe hadi wiki ya nne au ya sita. Inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Ikigeuka kurudi nyekundu na nyingi, ikilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa, au ikitoa harufu mbaya iliyooza, au ukapata homa na baridi, hakuna kukanda. Ni hospitali. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu usiukande wala kuuchua, maana huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Beseni la chumvi: kwa mshono wako maji safi ya kawaida yanatosha. Jimwagie kila ukitoka chooni, kutoka mbele kwenda nyuma, kausha kwa kitambaa safi kwa kugusisha bila kusugua, badilisha pedi kila baada ya saa nne hivi hata kama haijajaa. Ukikaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi kwa siku unapata nafuu na hudhuriki. Chumvi kidogo haina neno ingawa sioni inachoongeza. Maji ya moto yanavimbisha mahali palipokwisha kuvimba. Dettol usitie. Nyuzi zinayeyuka zenyewe ndani ya wiki chache, ukiona kipande kimedondoka kwenye pedi usishtuke. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukiona usaha, nenda ukaangaliwe.

Kanga ya tumboni nayo ni suala la nguvu ya kufunga. Ikishikilia tu mgongo ukapata raha, sawa. Ikifungwa mpaka unapumua kwa kifua, inasukuma kila kitu chini kwenye misuli ya nyonga ambayo imetoka tu kufanya kazi kubwa ya kuzaa, na mkojo unaweza kuanza kukuponyoka ukikohoa. Ilegeze kiasi mkono wako uingie bila shida, na ukilala uifungue.

Chakula sina ugomvi. Mtori, supu ya kuku, uji wa pilipili manga, samaki, vyote viendelee. Ongeza mboga za majani na machungwa, na maji ya kunywa glasi moja kila unaponyonyesha. Vidonge vya madini chuma ulivyopewa vimalize, usivimeze na chai.

Najua umesoma hadi hapa ukijiuliza utamwambiaje mama. Usimwambie kwamba mdogo wako wa chuo amesema. Nenda naye leo zahanati. Mwambie, "Mama, nisindikize, kichwa kimenizidi na sitaki kwenda peke yangu." Ukiwa ndani mbele yake muulize muuguzi kuhusu maji na mshono, ajibu yeye. Wakwe wengi ninaowajua hawabishani na mkunga; wanabishana na binti anayewasahihisha kwao. Mkirudi, lugha iwe ya mshono: "Mama, wamesema maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi zitafumuka." Hapo ana sababu ya kupunguza moto bila kuonekana alikuwa anakosea, na kazi yake bado ipo. Mpe na kazi mpya ya kuangalia damu na kukuuliza kila asubuhi kichwa kikoje. Na baba mtoto alijue hili la presha, kwa kuwa usiku wa manane ndiye atakayetafuta bajaji.

Kitovu cha siku ya sita kuwa hakijadondoka ni kawaida kabisa. Vingi vinadondoka kati ya siku ya tano na ya kumi na tano. Hakihitaji mafuta ya nazi wala majivu, wala mate, poda au samli. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na uchafu, na kitovu kibichi ni mlango ulio wazi kuelekea ndani ya mwili wa mtoto. Chanjo ulizochoma kliniki zinamlinda, ila usimpimie bahati. Osha mikono kabla ya kumshika, kunja nepi chini ya kitovu ili mkojo usikilowanishe, kiache kipigwe na hewa. Kama hospitali walikupa dawa ya kupaka, paka hiyo peke yake. Damu kidogo siku kinapodondoka si tatizo. Wekundu unaotambaa kwenye ngozi ya tumbo, usaha au harufu ni tatizo, na vivyo hivyo mtoto anayekataa kunyonya, anayelala bila kuamka kunyonya, mwenye joto la kuanzia 37.5, aliyepoa mwili kila ukimshika, anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, au aliyegeuka manjano mpaka viganja na nyayo. Maji ya kunywa na dawa za chango asipewe, kifua chako kinamtosha mpaka miezi sita.

Kesho urudi tena kwa hudhurio lako la siku ya saba hata kama leo umekutwa mzima, kisha siku ya 28 na ya 42, na kila mara presha ipimwe na iandikwe, kwa sababu foleni ya kliniki ya watoto ina kawaida ya kumpima mtoto uzito na kumsahau mama aliyembeba. Kama leo itakutwa juu, hudhurio lisisubiri ratiba hiyo: utapangiwa kurudi ndani ya siku chache, na dawa usiziache kwa kuwa kichwa kimepoa. Utakapobeba mimba nyingine, itaje presha hii siku ya kwanza kabisa kliniki na usichelewe kuanza, kwa maana kuna vidonge vya aspirini vya dozi ndogo ambavyo daktari huvianzisha kabla ya wiki ya 20 kwa mwanamke mwenye historia kama hiyo, na aliyefika kliniki akiwa na miezi sita anakuwa amekwisha kuvikosa.